Kupunguza gauni la hariri lililokatwa mshazari

mteule: Wakuu, nina gauni la jioni la satini ya hariri, la nyumba ya mitindo ya Paris, limekatwa mshazari, yaani kitambaa kimekatwa kwa pembe, si kufuata nyuzi. Nataka kulipunguza urefu kwa sentimita 6. Fundi anasema atalilaza mezani, apime, akate. Sawa?

gereza70: Mzuie! Kitambaa cha mshazari huvutika kwa uzito wake, tena si sawa kila upande. Ukikata mezani, baada ya siku chache pindo linaota mikia, sehemu nyingine zinashuka kuliko nyingine. Litundikwe saa 24 hadi 48, kisha livae na viatu vyenyewe, apime kutoka sakafuni kwenda juu, kila baada ya sentimita 10. Pini nyembamba, zichomwe kwenye sehemu ya kukatwa tu. Kwenye satini tundu halifutiki.

BiUzi: Sindano ya cherehani iwe nyembamba, namba 60 au 70. Pindo liviringishwe kwa mkono, milimita 3, mishono ilegee kidogo. Ukiikaza, uzi unakatika gauni likivutika. Pasi ya vuguvugu upande wa ndani, bila mvuke, maana tone la maji huacha doa.

mteule: Na bitana?

gereza70: Ipimwe peke yake, iwe fupi kuliko gauni kwa sentimita 2. Masalio usitupe, hariri ya rangi ileile hutaipata dukani.