Ukoo wa Likoni: Ami na simu ya Muscat

Jumamosi, saa nne asubuhi

Ami Bakari: Assalam aleikum ukoo. Simu aliyoleta Hamid nimeiwasha. Nzuri mashallah, ila intaneti haina. Bando nimeweka la siku, ujumbe umekuja kwamba liko, lakini hakuna kinachofunguka.

Fatma: Waaleikum salaam, shikamoo Ami. Sasa ujumbe huu umetumaje?

Ami Bakari: Marahaba. Nimekaa hapa barazani penye duka, nimepewa wai-fai. Nikivuka barabara tu, kiza.

Hamid Muscat: Ami, simu hiyo ilikuwa na laini ya huku. Yawezekana APN bado ni ya huku.

Ami Bakari: APN ndiye nani?

Swaleh: Shikamoo Ami. Ni jina la mlango ambao laini inaupitia kuingia intaneti. Simu yako inabisha hodi Muscat, na wewe uko Likoni. Fungua setingi, mtandao wa simu, teremka mpaka uone APN, bonyeza alama ya kujumlisha. Jina la juu andika lolote. Penye APN andika safaricom. Username saf. Password data. Herufi ndogo zote, kwengine usiguse.

Mama Salma: Jamani sare za harusi ni kijani au maji ya bahari? Fundi cherehani ananingoja.

Ami Bakari: Nimeandika. Wapi.

Swaleh: Tuma skrinshoti.

Ami Bakari: [picha]

Swaleh: S umeiweka kubwa. Na nyuma ya m kuna nafasi. Ukichagua neno ambalo kibodi imekupendekezea, yenyewe inaongeza nafasi mwisho, na kwa macho huioni. Weka kidole mwisho wa neno, ufute mara moja.

Ami Bakari: Hata nafasi tupu inahesabiwa?

Hamid Muscat: Kwa simu ni herufi kama herufi nyengine.

Swaleh: Ukimaliza usirudi nyuma, itapotea yote. Bonyeza vidoti vitatu pale juu, kisha Save. Halafu kwenye orodha uiguse hiyo yako iwe na alama. Wengi wanasahau hapo.

Ami Bakari: Mimi ndiye hao wengi. Narudia. Na nikishapata intaneti nataka imeili ya ukoo iingie humu, nione barua za wakili wa shamba.

Shangazi Mwanaisha: Barua zipi? Kwani huko kuna barua? Tangu mfungo wa Ramadhani nasema zinafutwa. Na mwenye pasiwedi namjua, simtaji.

Swaleh: Shangazi, umeshanitaja.

Shangazi Mwanaisha: Nimesema simtaji! Ile ya tarehe ya mahakama niliisoma alfajiri nimetoka kuswali. Tarehe 24. Saa tatu nataka kumwonyesha Mama Salma, haipo. Wallahi niliisoma kwa macho yangu haya.

Mama Salma: Kweli, alikuja kwangu anatetemeka. (Kijani au maji ya bahari?)

Swaleh: Sijafuta hata moja, Shangazi. Anwani iko kwenye seva ya saiba yangu, ile kompyuta inayotunza barua, lakini ndani siingii. Hebu nambie, unazoziona ni za alfajiri tu?

Shangazi Mwanaisha: Zinazokuja usiku naziona. Za mchana siambulii hata moja. Wewe mchana si ndio uko kazini?

Swaleh: Ami, ile simu ya zamani, usiku ulikuwa unazima data?

Ami Bakari: Nazima. Bando liliwe mie nimelala?

Swaleh: Na unawasha saa ngapi?

Ami Bakari: Nikishakunywa chai. Saa mbili unusu, saa tatu.

Fatma: 😳😳

Swaleh: Nani alikuwekea imeili kwenye simu ile?

Ami Bakari: Fundi mmoja wa mjini. Alichukua shilingi mia mbili.

Swaleh: Aliweka POP au IMAP?

Ami Bakari: Aliweka ikafanya kazi. Haya natoka nje nijaribu hii APN, kwaherini.

Swaleh: Shangazi, sikiliza. Simu yako mimi nilikuwekea IMAP. Barua inabaki kwenye seva, wewe unaitazama tu, hata watu watano wanaitazama ile ile. POP ni mambo mengine. Simu inakwenda kwenye seva, inazibeba barua mpaka nyumbani, na kama haikuambiwa iache nakala, inafagia nyuma yake. Ami akizima data usiku, barua inalala kwenye seva, wewe unaisoma alfajiri. Ami akinywa chai na kuwasha, simu yake inaibeba. Ukirudi saa tatu, hakuna kitu.

Shangazi Mwanaisha: Yaani ni Bakari?

Swaleh: Ami mwenyewe hajui. Fundi hakumuuliza kama imeili ni yake peke yake.

Hamid Muscat: Basi barua zote ziko kwenye simu ile na hazipo pengine popote.

Swaleh: Ndiyo. Ami, simu ya zamani iko wapi?

Swaleh: Ami?

Fatma: Tiki moja. Ameshatoka kwenye wai-fai.

Shangazi Mwanaisha: Mpigieni kawaida!

Fatma: Nimepiga mara mbili, inakata. Hajui kuitikia kwenye simu mpya, anaminya pembeni.

Shangazi Mwanaisha: Nami nimepiga mara nne.

Mama Salma: Juzi alisema kuna mtu anainunua ile ya zamani.

Swaleh: Ya Rabi.

Saa tano kasoro dakika tano

Ami Bakari: Nani ananipigia pigia? Niko ndani ya feri, na NATUMIA DATA. [picha: bahari, kisogo cha mtu, nusu ya mkokoteni]

Fatma: AMI SIMU YA ZAMANI IKO WAPI

Ami Bakari: Mfukoni. Nampelekea yule fundi aisafishe kisha aichukue, kanipa bei ya elfu moja na mia tano.

Swaleh: Ami usimpe! Wala usifute kitu. Iweke hali ya ndege, ile alama ya ndege, isivute barua nyengine. Ukishuka njoo moja kwa moja saibani.

Ami Bakari: Kuna nini?

Shangazi Mwanaisha: Njoo tu Bakari. Utaambiwa.

Saa sita na robo

Swaleh: Ami yupo hapa. Barua 61. Nimeiambia simu iache nakala kwenye seva, sasa nazisambaza moja moja zirudi kwenye anwani ya ukoo. Zitaonekana zimetumwa na Ami leo, tarehe ya kweli mtaiona ndani. Nikimaliza naiondoa kabisa akaunti ile kwenye simu ya zamani.

Hamid Muscat: Na ile mpya?

Swaleh: Nimeiweka IMAP. Seva ya kuingiza mlango 993, ya kutuma 465, zote SSL, yaani barua inafungwa isisomwe njiani. Alikuwa anaandika jina lake tu penye username, ikawa inakataa pasiwedi wakati pasiwedi ni sahihi. Hapo inatakiwa anwani nzima, na alama ya @ na vilivyo mbele yake.

Ami Bakari: Na sasa nikiifuta huku, inafutika kwa wote. Nimeambiwa mara tatu. Sigusi.

Swaleh: Shangazi, ile ya mahakama imesharudi, ifungue. Ni tarehe 14. Siyo 24.

Fatma: 14 si ni Alhamisi hii?

Hamid Muscat: Nampigia wakili sasa hivi.

Shangazi Mwanaisha: Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Mwanaisha: Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Mwanaisha: Swaleh mwanangu, umekula?

Swaleh: Bado, Shangazi.

Shangazi Mwanaisha: Kuna samaki wa kupaka. Njoo na huyo ami yako.