Kama mchwa hula vyote, maisha yana maana gani?

Mtoto wa Mwalimu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 34, mkoani Tanga, na baada ya arobaini yake kupita ndugu zangu walinipa kazi ya kufungua sanduku lake la bati. Nilitarajia kukuta hati za shamba. Nilikuta maandalio ya masomo, daftari juu ya daftari, kwa wino wa buluu, kila ukurasa na tarehe yake, darasa, mada ndogo, na ile safu ya mwisho ya maoni ambayo walimu wengi huiacha wazi lakini yeye aliijaza. Kutu ilikuwa imetoboa sehemu ya chini ya sanduku, mchwa wakaingia. Nilipoinua daftari la kwanza nilibaki na jalada mkononi, na yaliyokuwa ndani yakamwagika sakafuni kama pumba.

Tangu siku hiyo swali moja limenikaa. Wengi aliowafundisha wameshamsahau, na wanaomkumbuka nao watakufa. Jua lenyewe, wanasema wanaastronomia, limebakiwa na takriban miaka bilioni 5. Ikiwa mwisho wa kila kitu ni pumba, je, maisha na ulimwengu huu vina maana yoyote ya kweli, au tunajibembeleza tu? Anayeamini na asiyeamini, wote nitawasoma.

Mpwani wa Lamu

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Swali lako lilikwisha kuulizwa huku kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, pale Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi. Aliutazama mji wa Pate, uliotajirika kwa biashara ya bahari kisha ukaporomoka, akaanza kuukemea moyo wake mwenyewe. Katika zile zidaka za ukutani, zilizojengwa ili kupangia sahani za thamani, anaona makinda ya ndege yamelala. Mimi nimefika kwenye magofu hayo, nikakuta wakulima wamepanda tumbaku baina ya kuta, na miche ilikuwa imestawi vizuri mno, jambo lililonisumbua kuliko kuta zenyewe.

Hata hivyo, mshairi hakuhitimisha kwamba hakuna maana. Alichosema ni kwamba moyo umeitafuta mahali isipokaa. Hata neno dunia, katika Kiarabu tulikolitoa, asili yake ni kilicho karibu, na kilicho karibu mno na jicho huziba kilicho mbali. Kwetu sisi tunaoamini, kazi ya marehemu imeandikwa pia mahali ambapo mchwa hawafiki.

Mdadisi wa Dodoma

Namheshimu Mpwani, ingawa mimi si muumini, na bado sioni kwamba kutokuamini kunamlazimu mtu akubali hoja ya pumba. Somo la kugawanya ambalo halina maana kwa sababu litasahauliwa baada ya miaka 50 halitapata maana kwa kukumbukwa miaka bilioni 5, kwa kuwa muda huongeza urefu wa kitu tu, hauongezi kilichomo ndani yake. Hakuna aliyewahi kulaumu wali wa harusi kwa kuwa uliliwa ukaisha.

Mwaka 1942 Albert Camus, mzaliwa wa Algeria, alichapisha insha kuhusu Sisifo wa ngano za Wagiriki, aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani milele, na akasema yatupasa kumwona kuwa ni mtu mwenye furaha. Sijawahi kuridhika na jibu hilo, maana Sisifo yuko peke yake na hakuna anayelisubiri lile jiwe kule juu. Baba yako alisubiriwa kila asubuhi na darasa zima. Tunapomwambia mtu kwa Kiswahili kwamba hana maana, hatuzungumzii nafasi yake chini ya nyota. Tunasema kwamba alitegemewa na hakufika. Mzee wako alifika kwa miaka 34.

Mpwani wa Lamu

Mdadisi, hapo umekwepa. Ndugu yetu ameuliza maana ya kweli, nawe umempa maana ya kutegemewa. Hata jambazi hutegemewa na genge lake.

Mdadisi wa Dodoma

Hoja yako ni ya haki, na sina jibu kamili. Nitasema tu kwamba tunamlaumu jambazi kwa sababu ya wale aliowaumiza, kwa hiyo hata katika kumhukumu bado tunapimia watu.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, hawa wakubwa wanajibizana vizuri, ila mimi nakuuliza jambo dogo: unalala? Unakula? Nimekaa wodini miaka mingi na nimejifunza kwamba swali hili likiulizwa mchana kwenye baraza huwa ni fikra, lakini likimwamsha mtu saa 9 usiku, siku baada ya siku, huenda ni msiba ambao haujapata pa kutokea. Ikiwa ndivyo ilivyo, usibaki nalo peke yako; mwambie mtu wa nyumbani, na uende ukamwone daktari pia.

Mtoto wa Mwalimu

Shikamoo mama, na ninawashukuru nyote. Nalala, ingawa si sana, na dada yangu amehamia kwangu kwa muda. Jana tulipepeta pamoja mabaki ya daftari na tukapata ukurasa mmoja mzima, wa siku ya Ijumaa, darasa la nne, somo la kugawanya kwa tarakimu mbili. Kwenye safu ya maoni ameandika: "Wameelewa nusu. Nirudie Jumatatu." Ukurasa wa Jumatatu umeliwa. Dada anasema bila shaka alirudia. Mimi nimemwuliza kama anadhani ile nusu nyingine ilielewa, na tumebishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa.