Hashcat, John the Ripper au Hydra: ipi inafaa kukagua nywila za ofisi?

Mtunza Seva, Kariakoo
Wakuu, salaam. Nasimamia seva za chama cha akiba na mikopo, na uongozi umenipa kibali cha maandishi nikague uimara wa nywila za wafanyakazi. Tuna seva ya Windows yenye akaunti za watumishi wote, na nyingine ya Linux. Maelezo mengi niliyosoma yanazitaja programu hizi tatu kana kwamba kazi yake ni moja. Zinatofautianaje, na ipi itanifaa ikiwa kompyuta yangu haina kadi ya michoro yenye nguvu?

Fundi wa Ubungo
Mkuu, Hydra iweke kando kwanza. Yenyewe hujaribu nywila moja baada ya nyingine kupitia mtandao, kwenye huduma iliyo hai kama SSH (ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) au FTP (ya kuhamisha mafaili), na ukiiendesha saa za kazi unaweza kuwafungia wafanyakazi akaunti zao huku wanachama wakiwa kwenye foleni. Hizo mbili nyingine hufanya kazi juu ya heshi, yaani nywila zilizogeuzwa kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka, ulizonakili kutoka kwenye seva, bila kuigusa huduma yenyewe. Hashcat hung'ara penye kadi ya michoro. John the Ripper, iliyoanza mwaka 1996, huitumia vizuri prosesa ya kawaida, na toleo lake la Jumbo linatambua mamia ya aina za heshi, kwa hiyo wewe anza nayo. Zote ni za bure.

Mkaguzi, Posta
Nakubaliana na Fundi, ila aina ya heshi ina uzito kuliko programu utakayochagua. Windows hutumia NTLM, ambayo haina chumvi (herufi za nasibu zinazochanganywa na kila nywila) na ni nyepesi kukokotoa, hivyo hata kompyuta ya kawaida hujaribu mamilioni ya maneno kwa sekunde. Bcrypt na yescrypt, zinazotumika kwenye Linux, zilitengenezwa makusudi ziwe nzito. Kwa sababu hiyo, nywila ya Linux ikikaa siku nzima bila kuvunjika, usiandike kwenye ripoti kwamba ni imara.

Tena, usitegemee orodha ya rockyou, ile ya nywila zilizovuja, peke yake. Ilitokana na uvujaji wa mwaka 2009 na imejaa maneno ya Kiingereza, wakati watu wetu huandika Simba, Yanga, jina la mtaa au la mtoto, kisha mwaka. «Yanga2024» inatimiza masharti ya herufi kubwa na tarakimu, lakini haifai kabisa. Tunga orodha yako ya Kiswahili, kisha tumia kanuni za John kuongeza tarakimu mwishoni.

Mtunza Seva, Kariakoo
Nashukuru sana. Je, meneja akidai kuziona nywila zilizovunjika?

Mkaguzi, Posta
Usimpe. Mpe majina ya akaunti zinazopaswa kubadilishwa na sababu yake tu, kwa kuwa mtu hutumia nywila hiyohiyo kwenye barua pepe yake binafsi, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kibali chako nacho kitaje seva husika na tarehe za ukaguzi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini. Heshi zikae kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao, na zifutwe kazi ikiisha.