Msimbo nimeuandika mwenyewe, hataza inanihusu vipi?

Mbanapicha
Wakuu, heshima kwenu. Naandika programu ya kubana picha kwa watu wa bando dogo. Kila mstari ni wangu, sijanakili popote. Jamaa kanitisha kwamba njia niliyotumia huenda ina hataza (patent) Marekani. Si ukiandika mwenyewe umemaliza? Nifanye nini kabla sijaitoa?

Kibatari
Mkuu, "nimeandika mwenyewe" ni kinga kwenye hakimiliki tu. Hakimiliki inalinda maandishi, yaani msimbo ulivyouandika, kama kitabu. Unaipata papo hapo bila kusajili, na kwa Tanzania inadumu uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa. Watu wawili wakiandika programu za kazi ileile bila kuibiana, kila mmoja ana yake.

Hataza inalinda namna kitu kinavyofanya kazi. Inaombwa, inalipiwa, na nguvu yake inaishia kwenye nchi iliyoitoa. Ukiitumia njia hiyo bila ruhusa umeivunja hataza, hata kama hukujua kuwa ipo.

Mzee wa Jedwali
Mfano unaokugusa kabisa ni picha za GIF. Kampuni ya CompuServe walizitoa 1987 wakitumia LZW, algoriti (hatua za kukokotoa) ya kubana data, ambayo mtafiti Terry Welch aliichapisha jaridani 1984. Walioisoma wakaona ni mali ya wote, kumbe ombi la hataza lilikuwa limeshapelekwa tangu 1983. Mwishoni mwa 1994 kampuni ya Unisys, wenye hataza hiyo, wakaanza kudai leseni kwa programu zinazotengeneza GIF. Kuandika LZW yako upya kusingekusaidia kitu. Watu wakaamua kuunda PNG, aina nyingine ya faili la picha, inayobana kwa njia nyingine. Hataza ya Marekani ilikwisha 20 Juni 2003.

Kibatari
Sasa kazi yenyewe. Ingia tovuti za Google Patents au Espacenet, ni bure, utafute hataza za njia kama yako. Muhtasari usikutishe, huwa mpana kuliko haki yenyewe. Nenda kwenye madai (claims), yanayotaja haki yenyewe, tafuta yale yasiyotegemea dai jingine (namba 1 ni mojawapo), uyavunje vipandevipande, mfano: mwenye hataza anasoma pikseli, anajenga jedwali, anatoa namba ya jedwali badala ya pikseli. Kipande kimoja kikikosekana kwako, kwa kawaida dai hilo hulivunji. Ila kubadilisha jina la kipande si kukikosa, na kitu kinachofanya kazi ileile kwa namna ileile kinaweza kukunasa.

Halafu tazama tarehe ya ombi, ujumlishe miaka 20. Marekani hataza hufa mapema mwenyewe asipolipa ada za miaka 3.5, 7.5 na 11.5 tangu itolewe. Hali inayoonyeshwa na Google ni makisio, ihakiki kwa ofisi ya hataza yenyewe.

Mbanapicha
Nipo Dodoma. Hataza ya Marekani inanifikia?

Mzee wa Jedwali
Ukiuza huku tu, hapana. Ukiweka programu dukani ipakuliwe na watu wa Marekani, hapo umeipeleka mwenyewe.

Bi Nukta
Nawe ukitaka hataza yako, usimwage siri hapa kwanza. RSA, njia ya kuficha ujumbe kwa msimbo wa siri, ilichapishwa kabla ya ombi, ikapata hataza Marekani tu, kwa kuwa kule wanakuachia mwaka mmoja baada ya kutangaza. Nchi nyingi hazikupi hata siku.

Na maktaba za chanzo huria (misimbo ya wengine iliyo wazi) ulizochomeka humo? Leseni ya Apache 2.0 inakupa wazi ruhusa ya hataza za waliochangia, na ukiwashitaki kwa hataza juu ya kazi hiyo, ruhusa inakatika. Leseni ya MIT haitaji hataza popote. Zipitie moja moja.