Tupeane uzoefu: uliwahi kufungua pikipiki kuukuu nyumbani ukabakiwa na nati?

Mkazi wa Buhongwa
Wakuu, habari za jioni. Leo natafuta betri za rimoti, nikafungua kopo la Blue Band la siku nyingi, nikakuta nati ya kumi, imeshika kutu kidogo. Moyo ulifanya paa! Kopo hilo ndimo nilimokuwa natupia vitu vya Honda CG125 yangu mwaka juzi, nilipoifungua injini pale uani. Nilifunga vyote, ikawaka kiki ya tatu, nikatamba mbele ya majirani. Sasa hii nati imetoka wapi?

Pikipiki inatembea. Kila siku naenda nayo mjini na kurudi. Ila nikiachia resi kwenye mteremko inapiga pa! pa! kama fataki. Hiyo nimeshaizoea.

Haya, nani mwingine kajifungulia mwenyewe na yakamkuta?

Spana Kumi na Nne
Nati ikibaki ujue Mjapani alizidisha. Tembea.

Bugarika Juu
Mimi sikubakiwa, mimi nilipungukiwa. Kiki ya XL yangu ilianza kuzunguka bure, meno ya ule mkono yameisha kabisa. Nikasema sipeleki kwa fundi, nitaufungua mwenyewe. Bolti ikakatikia humo humo. Nilikaa miezi minne bila kiki, na sikupata shida hata kidogo, kwa sababu naishi mlimani. Jioni naipandisha hadi mlangoni, asubuhi naachia gia ya pili, nafika chini kwenye mawe inaunguruma. Kituo cha mafuta nilikuwa nachagua chenye mteremko.

Siku niliyoalikwa harusi ya tambarare ndiyo niliyojua sina pikipiki. Nimevaa suti, nasukuma, watoto wanashangilia.

Dagaa Mkavu
Hahaha, Mwanza mlima wenyewe ni stata.

Mama Sufuria
Mimi si fundi, mimi ni mhanga. Mume wangu alisoma mahali kwamba kabureta ikichemshwa kwenye maji ya ndimu inatakata. Nimerudi kutoka sokoni nakuta sufuria yangu ya ugali iko motoni, ndani kuna kabureta na ndimu kumi na mbili. Nikamuuliza, "Baba, leo tunakula nini?" Akasema, "Subiri ipoe." Ile sufuria hadi leo ina duara jeusi, na ugali nikiupika humo naona kama una ladha ya petroli.

Wembe Butu
Shemeji pole, ila mume alikuwa sahihi kuhusu ndimu. Kosa ni sufuria.

Spana Kumi na Nne
Hakuwa sahihi! Ile ni aluminiamu, ukizidisha muda inababuka na kuwa nyeusi. Kabureta inataka petroli na upepo basi. Fungua jeti, vile vipande vyenye tundu la kupitishia petroli, ile ndogo ya sailensa, ya injini ikiunguruma bila resi, ndiyo inayoziba kwanza, puliza na pampu ya baiskeli. Na usiingize waya! Waya unapanua tundu, halafu unakuja kulia kwamba pikipiki inakunywa mafuta kama lori.

Wembe Butu
Mimi natumia uzi wa breki ya baiskeli miaka yote, pikipiki inawaka.

Spana Kumi na Nne
Hata mgonjwa anapumua.

Kijiwe cha Igoma
Kwa hiyo petroli yenu, ngoja niwaambie. Nilikuwa naosha cheni na sproketi kwenye beseni, uani, saa kumi na moja jioni. Jiko la mkaa la mpangaji mwenzangu lilikuwa mbali, kama hatua sita au saba. Nikasema mbali kote huko, haliwezi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauruki juu, unatambaa chini kama nyoka. Niliona mwali unakuja kwangu ukipita sakafuni, wala sikuelewa ni nini mpaka ulipofika kwenye beseni. Nyusi zimeota upya, ila mkono wa kushoto bado ngozi yake ni ya kubandika bandika. Osheni na dizeli au mafuta ya taa, mbali na moto. Jamani.

Mama Sufuria
Pole sana kaka. Namwonyesha huyu wangu sasa hivi.

Tutii
Mnaongelea CG, nyie mna raha. Njooni kwenye Yamaha DT125, mtaona. Ile ni tu-stroku, inachoma oili pamoja na petroli, oili hiyo ya tutii ina tenki lake na pampu inaipeleka yenyewe kwenye injini. Niliifungua pampu nikaisafisha, nikairudisha, nikasahau kutoa hewa kwenye mpira wake. Ndani ya tenki oili inaonekana imejaa, kumbe haishuki hata tone. Wakati huo tulikuwa bado tunapanga foleni ya kivuko Kigongo, kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa Juni 2025. Nimeshuka kivukoni upande wa Busisi, naifukuza Sengerema, nasikia injini inaishiwa pumzi taratibu, halafu gurudumu la nyuma likakamata kwiii! Kilichoniokoa ni vidole, vilikuwa juu ya klachi.

Nilipovua bloku, pistoni ilikuwa na michirizi kama imekwaruzwa na paka.

Tangu hapo pampu nimeiziba, nachanganya mwenyewe. Lita moja ya petroli, mililita 40 za tutii.

Dagaa Mkavu
40 nyingi mkuu, utaziba ekzosi kwa masizi. Mimi naweka 20.

Tutii
Weka 20, halafu urudi hapa tukuchangie bloku.

Wembe Butu
Na ile ikitoa moshi mweupe mwingi kama inapuliza mbu ni nini? Nimebadili ringi, moshi uko pale pale.

Tutii
Angalia oili ya gia. Inapungua?

Wembe Butu
Inapungua ndiyo, na sioni inapovuja.

Tutii
Sili ya kranki upande wa klachi imekufa, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma. Ringi ulibadili bure. Ikifa ya upande wa magineti hupati moshi, unapata resi inayopanda yenyewe, maana inavuta hewa tupu. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Wembe Butu
Elfu arobaini yangu ya ringi 😭 Wabeja mkuu.

Kijiwe cha Igoma
Injini za tu-stroku niliachana nazo. Nina CG, naweka oili ya gari iliyobaki kwa bosi, mwaka wa tatu huu.

Spana Kumi na Nne
Oili gani ya gari? Kuna zile nyepesi za magari mapya zimewekewa dawa ya kupunguza msuguano. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, ukiipa utelezi itateleza. Utapandisha mlima wa Mabatini injini inalia na pikipiki haiendi.

Kijiwe cha Igoma
Mbona yangu inaenda?

Spana Kumi na Nne
Umebeba nini, godoro?

Dagaa Mkavu
Ndugu yangu mmoja aliweka mafuta ya kupikia.

Mama Sufuria
Ya nani???

Mwana Kayenze
Nimesoma hapa tangu jana nikajiapiza sitasimulia. Ila huyo wa kivukoni kanichokonoa.

Marehemu baba alikuwa bwana shamba wa pamba. CG125 aliyoitumia kazini ilipochakaa ikauzwa mnadani, akainunua mwenyewe. Alipofariki, kaka zangu waligawana ng'ombe na shamba, mimi nikapewa pikipiki. Ilikuwa bandani, ekzosi imejengwa na nyigu, tairi zimekauka. Nilifanya kazi miezi mitatu. Injini yake naipenda kwa sababu juu haina cheni ya taiming, ina fimbo mbili zinazosukuma tapeti, unaielewa kwa macho. Kitabu kinataka nafasi ya tapeti iwe 0.08 mm. Fila ya kupimia nafasi hiyo sina, nikatumia wembe, ambao ni kama 0.1. Ikalia kidogo, nikaiacha. Baba alikuwa akisema tapeti inayolia ina uzima, iliyonyamaza ndiyo inayounguza valvu. Plagi niliichomoa baada ya wiki, rangi yake kahawia kama matobolwa. Nililia, sioni aibu kusema.

Basi nikataka dada yangu aliyeolewa Bezi aione. Nikaenda nayo Kayenze, nikapatana na wenye mtumbwi wa injini. Vijana wawili wakaibeba kupita kwenye ubao. Ubao ulikuwa na magamba ya samaki. Yule wa nyuma akateleza, pikipiki ikaenda ubavu, yeye chini, pikipiki juu yake. Maji ya kifuani.

Mimi niliruka. Nikashika usukani nikavuta. Nikaanza kuinua tenki ili maji yasiingie kwenye kabureta. Nasikia watu wanapiga kelele "mtu! mtu!" na mimi naelewa wanasema nini, ila mikono iko kwenye tenki. Ni mwenzake aliyezama akamtoa. Alipotokea juu, kabla hajakohoa, alinitazama mimi, halafu akatazama mikono yangu ilipo.

Hiyo ndiyo naikumbuka. Pikipiki ilikuja baadaye.

Tulipoitoa nchi kavu nikapiga kiki, ngumu kama jiwe. Ningefungua plagi maji yatoke, mtu mzima nimeshafungua plagi mara ngapi. Badala yake, kwa aibu nadhani, nilitaka niondoke pale haraka. Nikawaomba watu wasukume kwenye mteremko, nikaachia klachi gia ya pili. Ikasema kaa! mara moja. Maji hayabanwi kama hewa, koni-rodi ikapinda.

Oili nilipoimwaga ilikuwa chai ya maziwa. Kranki nikapeleka kwa wachongaji mjini wakapresi koni-rodi nyingine. Niliifunga mwenyewe, ikabaki washa moja. Naivaa kwenye ufunguo.

Dagaa Mkavu
Duh.

Bugarika Juu
Mkuu hii chai au kweli?

Mwana Kayenze
Nenda Kayenze uulize.

Spana Kumi na Nne
Kwa faida ya wengine: ikizama usiwashe, usisukume. Fungua plagi, ilaze tundu liangalie chini, zungusha kiki taratibu mpaka maji yaishe. Mwaga oili. Mwaga petroli ya tenki na kabureta. Jaza oili ya bei rahisi, iwashe dakika chache, mwaga, rudia hadi isiwe nyeupe. Kaushia waya juani, na kifuniko cha magineti fungua. Fanya siku hiyo hiyo, ukiiacha ilale na maji, beringi zinashika kutu.

Kijiwe cha Igoma
Oili ya bei rahisi kama ya gari, siyo?

Spana Kumi na Nne
Ya kuoshea!! Ya kumwaga!! Unatafuta nini wewe?

Wembe Butu
Mimi najaza dizeli kuoshea, siiwashi, nazungusha kwa mkono tu.

Spana Kumi na Nne
Hiyo sawa, leo umesema la maana.

Bugarika Juu
Hivi koni-rodi kupresi sasa hivi shilingi ngapi? Na ile pini walikuwekea ya dukani au ya kuchonga?

Mama Sufuria
Mnauliza bei ya koni-rodi. Yule kijana alipona?

Tutii
Dada, hapa tunaongelea pikipiki.

Mama Sufuria
Nawe uko kama yeye tu.

Tutii
Naomba usinifananishe. Mtu akiwa kwenye taharuki mikono inashika kilicho karibu. Hata wewe nyumba ikiungua utajikuta umetoka na ndoo.

Kijiwe cha Igoma
Nilipoungua mimi nilikimbia na cheni mkononi. Inaunguza, na siiachii.

Mwana Kayenze
Dada umeuliza vizuri. Kifundo cha mguu kilivimba, alitembelea fimbo wiki tatu. Nilimpelekea hela ya dawa akapokea. Mara ya pili akakataa. Nilikuwa nimekwenda na pikipiki ile ile.

Dagaa Mkavu
🙏

Wembe Butu
Turudi kwenye nati ya watu. Mleta uzi, hiyo nati ni ndefu au fupi?

Mkazi wa Buhongwa
Fupi. Kichwa kinaingia spana ya kumi, imeungua rangi, kama ilikaa kwenye joto.

Spana Kumi na Nne
Imeungua rangi na pikipiki inapiga fataki ukiachia resi. Mkuu, ekzosi inaposhikana na hedi zinatakiwa nati mbili. Ikilegea inavuta hewa pale kwenye gasketi, petroli iliyobaki inalipukia ndani ya bomba. Inama utazame.

Tutii
Miaka miwili anapiga watu risasi barabarani 😂

Mkazi wa Buhongwa
Haiwezekani, zile nilizifunga mwenyewe kwa mkono wangu. Ngoja nichukue tochi ya simu.

Mkazi wa Buhongwa
Wakuu. Upande wa kulia kuna nati. Upande wa kushoto kuna msumari umekunjwa.

Spana Kumi na Nne
Msumari?

Mkazi wa Buhongwa
Wa inchi tatu. Sasa nani aliweka msumari?

Mama Sufuria
Injini ulifungua na nani?

Mkazi wa Buhongwa
Peke yangu.