Kigari na vipakiti vya mchanga: kwa nini kuondoa msuguano kumeharibu matokeo yetu?

Mwalimu wa Mbagala

Walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha fizikia kidato cha pili katika shule ya kutwa hapa Dar es Salaam, darasa la wanafunzi zaidi ya 80, na kwa kuwa hatuna vigari vya maabara tuliamua kutengeneza cha kwetu. Ni kipande cha ubao chenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili kuukuu, na spoki za baiskeli zinazozunguka ndani ya mirija ya soda. Tulikiwekea mawe hadi kikafika kilo 1 kamili kwenye mizani ya dukani. Uzi unatoka kwenye kigari, unapita juu ya kapi dogo tulilonunua Kariakoo, na kwenye ncha yake tunaning'iniza vipakiti vya mchanga vya gramu 100 kila kimoja. Tunarekodi kwa video ya simu, kisha tunahesabu picha ili kupata muda wa kigari kusafiri sentimita 70 kuanzia kikiwa kimetulia.

Siku ya kwanza tulitumia ubao uliolala sawasawa. Kwa kipakiti 1 muda ulikuwa sekunde 1.5, na kwa vipakiti 4 ulikuwa sekunde 0.74, hivyo mchapuko, yaani kiwango cha kuongezeka kwa mwendo, uliongezeka takribani mara 4, na wanafunzi walifurahi kwa sababu ndivyo kanuni ya pili ya Newton isemavyo: kani (nguvu inayovuta) ikiwa mara 4, mchapuko nao huwa mara 4. Siku ya pili nilitaka kuifanya kazi vizuri zaidi, nikainua upande mmoja wa ubao kidogo ili mteremko ufidie msuguano. Sasa kwa kipakiti 1 tunapata sekunde 1.25 na kwa vipakiti 4 sekunde 0.71, ambayo ni kama mara 3 tu. Tumerudia mara tano na jibu halibadiliki. Mwanafunzi mmoja ameniuliza kwa nini msuguano unaifanya kanuni ya Newton iwe kweli, na sikuwa na jibu la kumpa. Naomba msaada wenu.

Fundi sanifu wa maabara

Hongera kwa kutumia video, kwa maana kidole cha mtu kinaweza kuchelewa sehemu ya tano ya sekunde kubonyeza saa, na katika safari ya sekunde 0.7 kosa kama hilo linaweza kupunguza mchapuko unaokokotolewa kwa takribani asilimia 40. Simu nyingi huchukua picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo mashaka yenu ni madogo zaidi.

Mimi ningeanza kwa kuukagua mteremko. Ondoeni uzi kabisa, kisukumeni kigari kidogo kwa mkono, halafu pimeni muda wa sentimita 30 za mwanzo na wa sentimita 30 za mwisho. Nyakati zikilingana, mteremko ni sahihi. Za mwisho zikiwa fupi, mmeinua kupita kiasi, na kigari kinaongezewa mwendo na mteremko wenyewe. Kwa magurudumu ya aina hiyo nadhani inahitajika sentimita 3 hivi kwa kila mita ya ubao. Jambo moja la kuwatia moyo ni kwamba hamtalazimika kurekebisha mteremko kila mnapobadilisha mzigo wa kigari, kwa sababu msuguano na msukumo wa mteremko huongezeka pamoja kadiri mzigo unavyoongezeka.

Mwalimu wa Mbagala

Nashukuru. Tumefanya hivyo leo asubuhi na nyakati zote mbili zinalingana. Tatizo bado lipo.

Mwalimu mstaafu, Kigamboni

Mwalimu mwenzangu, mteremko wako ni sahihi na vipimo vyako ni vizuri. Kilichokosewa ni jambo ambalo nililikosea mwenyewe kwa miaka kadhaa kabla ya kuelewa: mlipokuwa mkiongeza vipakiti, vilikuwa vikitoka wapi? Kama vilikuwa mezani, basi kila kipakiti mlichoning'iniza kiliongeza kani na papo hapo kikaongeza tungamo linalosafiri, yaani kiasi cha vitu, kwa kilo, ambacho kani hiyo inapaswa kukisukuma. Vipakiti vinavyoshuka vinachapuka sawasawa na kigari, maana vimefungwa kwenye uzi mmoja, na kani ya uvutano inayovivuta lazima ivisukume na vyenyewe pia.

Kokotoa uone. Kipakiti 1 kinavutwa na dunia kwa nyutoni 0.98, na tungamo lote linalosafiri ni kilo 1.1, hivyo mchapuko ni 0.89 na muda wa sentimita 70 ni sekunde 1.25. Vipakiti 4 vinavutwa kwa nyutoni 3.92, lakini sasa tungamo lote ni kilo 1.4, hivyo mchapuko ni 2.8 na muda ni sekunde 0.71. Hizo ndizo namba zako hasa. Kanuni ile ya Newton iliyochapishwa mwaka 1687 imetimia mezani pako bila kasoro. Ninyi mlibadilisha vitu viwili mkidhani mmebadilisha kimoja.

Na siku ya kwanza? Msuguano wa kama nyutoni 0.3 ulikula karibu theluthi moja ya kani ya kipakiti kimoja, ilhali kwa vipakiti 4 haukula hata sehemu ya kumi. Kwa hiyo msuguano ulikuza uwiano, na tungamo lililoongezeka likaupunguza, makosa mawili yakafutana kwa bahati. Mwambie mwanafunzi aliyeuliza kwamba swali lake ni zuri kuliko majibu mengi ya mitihani niliyosahihisha, na nasema hivyo kwa dhati.

Tiba yake ni rahisi. Vipakiti vyote 4 viwe sehemu ya safari tangu mwanzo. Kimoja kikining'inia, vitatu vipande juu ya kigari; kisha hamisheni kimoja kimoja kutoka kwenye kigari kwenda kwenye uzi. Tungamo lote litabaki kilo 1.4 daima.

Mwalimu wa Kimara

Nami niongeze la upande wa lugha, kwa sababu nadhani linachangia kosa hili. Wanafunzi wetu husema uzito kwa maana ya tungamo na kwa maana ya kani pia, na dukani kila kitu ni kilo, kwa hiyo kipakiti kinachoning'inia wanakiona kama mvutaji tu, si kama mzigo. Kabla ya kigari mimi huning'iniza makopo mawili ya maziwa ya unga yanayofanana kwa kamba ndefu, moja tupu na jingine limejaa mchanga, kisha kila mwanafunzi huyasukuma kando kwa kidole kimoja. Hakuna anayeyainua, kamba ndiyo inayobeba uzito, na bado kopo lenye mchanga ni gumu kulianzisha na gumu kulisimamisha. Wengi hulijua jambo hilo tangu wanaposimama ndani ya daladala inayofunga breki ghafla, ila hawajawahi kuambiwa kuwa linahusiana na kilo.

Mwalimu wa Mbagala

Shikamoo Mwalimu wa Kigamboni. Tumehamisha vipakiti kama ulivyoelekeza, na majibu ni sekunde 1.4 kwa kimoja, sekunde 1.0 kwa viwili, na sekunde 0.7 kwa vinne. Kani mara nne, muda nusu, maana yake mchapuko mara nne. Aliyeuliza lile swali ndiye aliyechora grafu ya mchapuko dhidi ya kani ubaoni, na ilipita kwenye sifuri.

Kesho tunataka kubadilisha tungamo. Tukiacha vipakiti 2 viking'inia, je, tuongeze kilo 1.2 ili kuongeza tungamo la kigari maradufu?

Mwalimu mstaafu, Kigamboni

Marahaba. Ongezeni kilo 1.4, si 1.2. Kigari pamoja na vipakiti viwili vilivyo juu yake ni kilo 1.2, lakini vile viwili vinavyoning'inia vinasafiri pia, na kinachopaswa kuwa maradufu ni vyote vinavyosafiri, kutoka kilo 1.4 hadi 2.8. Muda urudi kuwa sekunde 1.4. Wekeni ndoo ya mchanga chini ya kapi, maana vipakiti vikipasukia sakafuni itawabidi mrudi dukani kupima upya.