Naomba ushauri: bastola niivae wazi au niifiche?

Wakuu, salaam. Nipo Houston, Texas, mwaka wa tisa sasa. Nina duka dogo la vyakula na mara nyingi nafunga mwenyewe saa tano usiku, mauzo ya siku yakiwa mkononi. Mwezi uliopita nimenunua bastola. Sheria ya hapa tangu Septemba 2021 inamruhusu mtu wa miaka 21 na kuendelea, asiye na makosa ya kumzuia, kuibeba hata bila leseni. Ikionekana, lazima iwe ndani ya mkoba wake maalumu.

Jirani yangu, mzee wa hapahapa, anaivaa kiunoni kila mtu aione. Anasema kibaka akiiona anapita mbali, na kwa joto hili nani avae koti la kufichia? Rafiki yangu Mkongo anamcheka: ukiionyesha, jambazi anaanza na wewe, au anakupokonya ukiwa umeinama kupanga soda. Yake iko chini ya shati, wateja hawashtuki.

Mimi naegemea kwa Mkongo. Ila hofu yangu hasa ni polisi. Mtu mweusi, Kiingereza chenye lafudhi, kasimamishwa barabarani usiku, silaha iko chini ya shati: unaanzaje kumwambia askari? Mikono unaiweka wapi?

Leseni bado inatolewa kwa anayeitaka, na inasaidia ukivuka kwenda baadhi ya majimbo (California hawaitambui). Aliyeichukua anieleze. Mke wangu, yeye anataka ibaki kwenye sefu dukani, basi.